Makoti ya Chumba Namba Tisa

"Dada Vidya, hivi serikali ilikuajiri wewe au iliajiri makalio yako?"

Hetram wa meza ya dirishani aliuliza hivyo karibu kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, na kila asubuhi Vidya Jishtu alimjibu bila hata kuinua macho: "Iliajiri vyote viwili. Wewe iliajiri miguu tu, ndiyo maana hatukuoni."

Chumba kizima kilicheka, kisha kikatoka nje. Maana huko Shimla, mji wa milimani kaskazini mwa India, jua la majira ya baridi halichezewi. Likitoka, ofisi nayo hutoka. Makarani wa Chumba Namba Tisa, Ofisi ya Mipaka ya Misitu, walikuwa ishirini na wawili, na karibu kila mmoja alikuwa na makoti mawili: moja zuri la kuvaa, na moja kuukuu lisilowahi kwenda nyumbani, kazi yake kukaa kitini. Saa nne ikifika, kiti kinavishwa koti kuukuu, miwani inawekwa juu ya faili lililofunguliwa, kikombe cha chai kinafunikwa kwa kisahani, na mwenyewe huyoo, uani. Wanaume wanabambua karanga, wanawake wanafuma sweta, na nyani wanawatolea macho kutoka juu ya paa. Bosi Rajta akipita na kuuliza, "Fulani yuko wapi?" jirani wa meza ndiye mwenye wajibu wa kujibu: "Yuko, bosi. Ametoka mara moja." Huo haukuhesabiwa uongo. Ilikuwa adabu. Asiyemjibia mwenzake, siku yake ya kuulizwa ikifika naye hakupata wa kumjibia.

Vidya aliwajibia wote, na yeye hakuhitaji kujibiwa. Koti lake lilikuwa moja tu, na lilikuwa mwilini. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alimshika mkono kutoka kijijini, mwendo wa siku mbili, kuja kuomba nakala ya mpaka wa malisho yao. Walikuta koti. Wakarudi mara ya pili, koti. Mara ya tatu walimpata mwenye koti, na kumbe mteremko wao ulikwisha kuandikwa msitu wa serikali. Baba aliuza kondoo wote mwaka ule. Vidya alipopata kazi kwenye ofisi ile ile, aliapa kwamba hakuna mtu wa kijijini atakayefika mezani kwake akute koti.

Kiapo kizuri, sikatai. Lakini mwili haukuulizwa. Baada ya miaka ishirini na sita shingo iligoma kugeuka kushoto. Ikifika saa nane mchana miguu imevimba, viatu vinabana. Maji hakuyagusa, kwa sababu choo cha wanawake kilikuwa chini, ngazi arobaini, na kwa hesabu yake ngazi arobaini kwenda na kurudi ni watu wawili hawajahudumiwa. Mwishowe vidole vitatu vya mkono wa kulia vikalala, visiamke tena. Siku alipojimwagia chai ya moto na asisikie chochote, mumewe alimburuta hospitali.

Daktari wa viungo alikuwa binti mdogo, wa kumzaa kabisa.

"Mama, unakaa muda gani bila kuinuka?"

"Naingia saa tatu, natoka saa kumi na moja."

"Nimeuliza bila kuinuka."

"Na mimi ndiyo nimekujibu."

Binti aliweka kalamu chini. "Sikiliza, mama yangu. Kiti hakimuui mtu kwa siku moja. Kinamla kidogo kidogo, na kikishameza hakitemi. Kila nusu saa uinuke. Anza na vidole vya miguu, mara kumi. Vifundo, mara kumi. Magoti, mabega, shingo. Halafu simama, kunywa maji, utazame mbali kule kwenye milima ya theluji mpaka macho yapumzike. Ukipuuza, vidole hivi vitakufa kabisa, na havitakufa peke yao."

"Na watu wanaonisubiri?"

"Watakusubiri dakika mbili. Ukifa watasubiri mwaka mzima mpaka aajiriwe mwingine."

Vidya alicheka, akatia karatasi ya mazoezi mkobani, akarudi kukaa.

Na aliyezidi kumvimbisha kichwa ni Shailja, karani mpya wa miaka ishirini na mitatu. Alipangiwa kona ya nyuma, katikati ya makabati mawili, mahali ambapo baridi haitoki hata mwezi wa sita, wakati wa joto la huko. Alijifunika koti kubwa la kaka yake, akagandamana na kompyuta. "Shangazi," alisema, "hao wengine siwataki. Mimi nataka kukaa kama wewe." Vidya alifurahi, jamani! Siku ya pili alimletea mto wa kukalia, alioushona mwenyewe.

Basi mwezi wa kumi na moja likatokea la Kimta.

Kimta alikaa akitazamana na Vidya, hatua nne tu, nyuma ya mlima wa mafaili. Mzee wa watu, mpole, wa kukohoakohoa. Asubuhi ile alifika kabla ya wote, akasikia baridi, akavaa lile koti kuukuu la kiti juu ya koti lake, akajizungushia skafu mpaka masikioni, akaegemea. Saa nne Bosi Rajta akasimama mlangoni. "Kimta?"

Vidya aliinua macho. Akaona koti.

"Yuko, bosi. Ametoka mara moja."

Saa kumi Jiya Lal, tarishi, alikuja kukusanya vikombe. Akaona mkono wa koti umelalia kisahani, akaunyanyua ausogeze, na ndani ya ule mkono wa koti kulikuwa na mkono. Alipiga ukelele mpaka nyani wote wakaruka juu ya paa.

Waliomchunguza walisema moyo ulisimama kama saa saba mchana. Saa saba! Vidya alihesabu mara moja, akatamani asingejua kuhesabu. Saa nne Kimta alikuwa hai. Alikuwa pale, anasikia, wakati yeye akisema ametoka. Na alikumbuka sasa kwamba baada ya bosi kuondoka alisikia kitu, kikohozi kidogo, kama cha mtu anayeomba radhi kabla ya kusema. Yeye aliendelea kuandika.

Walipombeba walimvua koti la juu ili wapate kumshika vizuri, na mmoja wao, kwa mazoea tu, akakivisha kiti. Likabaki hapo. Kitu cha ofisi hakiondolewi bila barua, na barua hakuna aliyetaka kuiandika. Mgeni akija kuuliza, "Bwana Kimta yuko?" bado ulimi wa mtu uliteleza, "Yuko, ametoka..." kisha mtu huyo akajiuma midomo.

Wiki moja baadaye, wote wakiwa uani, Vidya aliinuka, akazivuka zile hatua nne, akaligusa lile koti kwa mkono wa kushoto. Upande ule wa chumba jua halifiki. Koti lilikuwa na joto, joto la kiti kilichoachwa sasa hivi. Alirudisha mkono haraka, akaufuta kwenye sketi, akajiambia ni hita. Hita ilikuwa imezimwa.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kumgeukia yeye.

Siku moja Jiya Lal alimletea chai, akaiweka mezani, akaifunika kwa kisahani. Vidya alikitazama kile kisahani. Chai hufunikwa kwa asiyekuwepo.

"Jiya Lal, kwani mimi nimetoka?"

Tarishi aliruka, birika nusura limponyoke. "Aah, madam! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa wapi? Nilikuwa hapa hapa, mbele ya pua yako!"

"Sikukuona, madam. Nisamehe, macho ya uzee haya."

Macho ya uzee gani, mtu ana miaka arobaini! Siku ya tatu yake Bosi Rajta alisimama kabisa mbele ya meza yake, akamtazama usoni, kisha akamgeukia Hetram. "Vidya?"

"Yuko, bosi," alisema Hetram. "Ametoka mara moja."

"Hetram, acha utani wako wa kipuuzi," alisema Vidya. Hakuna aliyegeuka. Sauti yake aliisikia mwenyewe, lakini ilikuwa kama ya mtu aliyeko chumba cha pili na mlango umefungwa. Bosi aliondoka. Hetram akapiga miayo, akatoka kwenda kwenye karanga zake.

Kilichomkata maini ni cha Ijumaa. Alikuja bibi mmoja kutoka milima ya juu, blanketi begani, matope mpaka magotini, pamoja na mkwewe, mke wa mwanawe. Akasimama mbele ya meza.

"Karibu, bibi," alisema Vidya.

Bibi alitazama.

"Karibu, nikusaidie nini?"

Bibi akashusha pumzi. Alijikunja chini sakafuni, akakaa kusubiri. Vidya alimwita mara ya tatu, kwa nguvu zote za kifua. Yule bibi alijishika goti, akainuka polepole, akamwambia mkwewe: "Twende zetu, mama. Hakuna mtu. Ni koti tu."

Vidya alisimama kwa mshtuko, kiti kikaanguka nyuma yake. Bibi akapiga yowe na kushika kifua. "Mama wee! Umetokea wapi, binti?"

Alimhudumia akiwa amesimama. Alimpa nakala zake zote, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi akilia kimya kimya. Kufa ganzi alikuwa amekubali. Lakini kuwa koti mbele ya watu wale wale, hapana! Hilo hakuweza kulimeza. Na alikuwa ameelewa jambo moja: aliposimama, alionekana. Akikaa sana, watu wanaona nguo.

Utasema basi mtu huyu sasa ataamka. Aliamka, wiki moja. Kila nusu saa alinyanyuka, akatembea mpaka dirishani, akaitazama milima. Hetram akamtania, "Leo dada Vidya ana miguu! Apigwe picha!" Lakini mazoea yana taabu. Wiki ya pili ikaja amri kwamba daftari za tarafa nzima ziingizwe kwenye kompyuta kabla theluji haijafunga njia, na Vidya akajiambia: nimalize ukurasa huu kwanza. Ukurasa ukazaa ukurasa. Mto wa kiti ukalipata tena umbo lake.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa kwanza, mawingu yamelalia mierezi. Saa nne Bosi Rajta alichungulia. "Shailja?"

Vidya aligeuza shingo kadiri ilivyokubali. Kwenye kona, katikati ya makabati, aliliona lile koti kubwa juu ya kiti. "Yuko, bosi. Ametoka mara moja."

"Mwambie tunafunga saa sita. Theluji inakuja, na kesho na keshokutwa ni sikukuu. Kila mtu awahi kwake."

Saa sita chumba kilijaa vishindo. Watu walibadilisha makoti, mazuri wakavaa, makuukuu wakavivisha viti, wakaagana kwa vicheko. Vidya alifunga daftari, akaiambia miguu isimame.

Miguu haikusimama.

Alijaribu tena. Kutoka kiunoni kwenda chini hakukuwa na habari yoyote. Ilikuwa kama kumwita mtu aliyehama. Hetram alipita akikwaruza meza yake kwa mfuko wa karanga. "Hetram!" Hakugeuka. Mmoja mmoja walipita, mpaka ngazi zikanyamaza. Akabaki yeye, theluji ya kwanza ikigusa vioo, na viti vilivyovaa makoti pande zote. Hatua nne mbele yake koti la Kimta lilikuwa limetuna mabegani, na ule mkono wake mmoja ulikuwa juu ya meza, mahali ambapo asubuhi haukuwepo. Vidya aliapa baadaye kwamba alisikia kikohozi. Kikohozi kidogo, cha kuomba radhi.

Jiya Lal aliingia na funguo. Alizima hita. Alizima taa. Alipofika mezani kwa Vidya aliinama, nyuso zao zikatengana shubiri moja tu, akamtazama ndani ya macho.

"Madam naye leo kaacha koti," alisema peke yake. "Ataganda huko njiani, mama wa watu." Akainyoosha kola yake vizuri, kwa heshima, akaenda zake.

Hofu aliyoisikia Vidya hapo sitaisimulia, maana hata yeye hakuweza kuisimulia. Siku mbili, hita imezimwa, mlango umefungwa. Alijua atakavyokutwa, na alijua kwamba huenda hata hiyo siku ya tatu wasimkute mara moja.

Vidole vya miguu, alisema yule binti daktari. Mara kumi.

Aliviamuru. Hakuna kitu. Aliviamuru tena, akiwa amefumba macho, kidole gumba peke yake. Mlangoni funguo zilikuwa zinatafutana kwenye kishada. Moja. Kitu kama chungu kilimtembea kwenye wayo. Mbili. Tatu. Maumivu yakaja, maumivu ya mguu uliolala unapoamka, na hakuwahi kupenda maumivu namna ile maishani. Nane. Tisa. Vifundo. Magoti yalikataa, na hakuwa na muda wa kuyabembeleza. Mlango uligonga fremu. Vidya alijitupa ubavuni, akachomoka ndani ya koti lake, akaanguka sakafuni pamoja na daftari tatu za tarafa nzima.

Mlango ukafunguka. "Nani huyo? Nyani?"

"Nyani baba yako! Niinue!"

Jiya Lal alikuja mbio. Alimtazama yeye chini, akatazama kiti, ambapo koti lilibaki limekaa wima, mgongo umenyooka. "Madam... nimekutazama sasa hivi. Nimekushika kola."

"Najua. Nishike hapa, kwapani. Taratibu. Nyoosha huo mguu. Washa taa."

Alisimama akiyumba, ameegemea meza, kwa sweta tu. Tarishi alitaka kumvisha koti, yeye akalisukuma mbali.

"Jiya Lal, umewaona watu wote wakitoka?"

"Wote, madam. Yamebaki makoti tu."

Vidya aligeuka akayatazama. Meza kwa meza, kiti kwa kiti. Akashikilia ukingo wa meza ya kwanza, akaingiza mkono wa kushoto ndani ya kola ya koti, kwa kuwa ule wa kulia haukuwa ukimwambia kitu tena. Baridi, vumbi. Akaburuta mguu mpaka meza ya pili. La Hetram lilikuwa na maganda ya karanga. La Kimta aliliingiza mkono akiwa amefumba macho, na safari hii halikuwa na kitu, kitambaa tu.

"Madam, theluji! Njia itafungwa!"

"Nyamaza. Hesabu nami."

La kumi na tano. La ishirini. Alifika kwenye kona katikati ya makabati, kwenye lile koti kubwa la kiume, kompyuta mbele yake imezimika, na juu ya kiti ule mto alioushona mwenyewe. Aliingiza mkono kwenye kola, na vidole vyake vikagusa shingo.

Ilikuwa na uvuguvugu bado.

"Shailja!" alipiga kelele, akaitikisa ile shingo, akayatikisa mabega. "Shailja, mwanangu! Inuka! Inuka, nakwambia!"

Kwa muda hakukuwa na kitu ila nguo inayoyumba mikononi mwake. Kisha, kidogo kidogo, kama sura inayojitokeza kwenye kioo chenye mvuke, pakawa na paji la uso, na pua nyekundu kwa baridi, na macho yaliyojaa machozi ambayo yalikuwa yametiririka muda mrefu mpaka yakalowesha kola. Midomo ilisogea. Vidya aliinama asikie.

"Nipo," alisema Shailja. "Tangu saa nne nasema nipo, shangazi. Uligeuka ukanitazama usoni, ukamwambia bosi nimetoka."